Mkoba au Karakana: Njia Mbili za Ufundi wa Piano kwa Fundi wa Tabora na Kigoma

Kijana aliyejifunza kurekebisha piano na anayeishi Tabora au Kigoma hujikuta mbele ya njia mbili. Ya kwanza ni kufunga vifaa katika mkoba na kuzifuata piano huko ziliko, kwa treni, kwa basi, na mwisho wa safari kwa bodaboda. Ya pili ni kupanga chumba mjini, kutundika kibao mlangoni na kusubiri vyombo viletwe. Nimezipitia zote mbili, nikaanza na ya pili kwa sababu ilionekana ya heshima zaidi, na sasa kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizichanganya. Hapa ninazilinganisha kwa kipimo kimoja ambacho sikukijua nilipoanza, nacho ni kungoja. Katika kazi hii kuna muda mwingi ambao hakuna kinachofanyika, na lazima mtu fulani aulipie. Anayesafiri hungoja yeye mwenyewe: hungoja treni, hungoja ufunguo wa kanisa, hungoja mbao zitulie. Mwenye karakana hana haja ya kungoja hivyo, kwani vyombo ndivyo vinavyomngoja yeye rafuni, lakini kodi ya chumba haimngoji mtu.

Shilingi nimeziacha kando makusudi. Nauli hupanda na kodi za vyumba hutofautiana mtaa kwa mtaa, lakini siku ni siku, kwa hiyo hesabu zangu ni za siku.

Nani amfuate mwenzake

Piano ya kawaida ya kusimama ina uzito wa kilo 200 hadi 250, na zile ndefu za zamani hufika 300. Ndani yake kuna fremu nzito ya chuma, nyuzi zipatazo 230, na mvuto wa nyuzi hizo zote kwa pamoja ni takriban tani 18. Chombo cha namna hiyo hakipandi bodaboda. Hata kikipakiwa lori kutoka Urambo hadi Tabora mjini, kikatengenezwa vizuri na kurudishwa, kitakuwa kimetikiswa njiani na kuhamishwa mara mbili kutoka hewa moja hadi nyingine, na sauti yake itahitaji kulinganishwa upya palepale kilipotoka. Kwa hiyo katika kazi ya kulinganisha sauti, au kutyuni kama tusemavyo wenyewe, hakuna la kuchagua, kwani fundi ndiye anayekwenda.

Kinanda cha umeme ni kinyume chake. Ni plastiki, saketi na kilo chache, na mwanakwaya hukileta kwapani akiwa amekifunga kwa kanga. Huyo ndiye mteja wa karakana. Katikati ya hivi viwili kipo kinanda cha kukanyaga, chenye mivukuto ya kitambaa na ndimi za shaba zinazolia kwa upepo, ambacho bado hukutwa katika misheni za zamani. Hicho hubebwa na watu wawili, na fundi wa aina yoyote kati ya hizi mbili anaweza kukishughulikia.

Lazima niseme wazi kwamba piano za nyuzi huku magharibi ni chache. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo chombo kizito kiliweza kufika bara bila kubebwa mabegani; piano nyingi nilizozishika mimi ziko mahali ambapo honi ya treni inasikika. Nyingine ziko makanisani, katika nyumba za watawa, na moja moja sebuleni kwa mzee aliyerithi bila kujua kupiga. Fundi anayetegemea kutyuni peke yake, bila kufanya lolote jingine, hatamaliza mwaka. Hilo halimaanishi kwamba mkoba umeshindwa, kwa sababu anayesafiri hafanyi kutyuni tu, kama nitakavyoeleza.

Kabla ya kusafiri kuna tatizo la jina. Kwetu neno "kinanda" hutumika kwa kila chenye vibonyezo, na siku hizi vijana wa kwaya huita hata kile cha plastiki "piano". Niliwahi kwenda upande wa Kasulu kwa mwito wa "piano kubwa iliyopotea sauti", nikiwa nimebeba spana na waya za kila unene, nikaoneshwa kinanda cha umeme ambacho spika yake moja ilikuwa imekufa. Siku nne zilikwenda hivyo. Tangu hapo huuliza kwa simu maswali mawili kabla ya kukubali: je, kina waya ndani, na je, hubebwa na watu wangapi? Jibu la "watu sita na bado wanalalamika" ni jibu la piano. Kisha huomba picha mbili, moja ya sura ya mbele na nyingine kifuniko cha juu kikiwa wazi, zipigwe mchana karibu na dirisha. Picha ya kutu ikionekana mapema huokoa siku ya safari.

Siku za msafiri

Nitasimulia safari moja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu kinachotofautisha njia hizi. Ilikuwa kanisa moja kando ya ziwa, mkoani Kigoma, na nilikuwa nimetokea Tabora kwa treni, mwendo wa takriban kilomita 400. Nilifika asubuhi nikamkuta katekista mwenye umri wa baba yangu akifagia uwanja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Karibu sana. Ila ufunguo wa ile sehemu ya kwaya anao mwenyekiti, naye amekwenda shamba."

Mwenyekiti alirudi kesho yake saa sita mchana. Siku ya kwanza ya kazi ilikwisha nikiwa nimekaa chini ya mwembe, na hakuna mteja duniani anayekubali kulipia siku ya mwembe.

Tulipofungua ubao wa chini, karibu na pedali, tulikuta kiota cha panya. Kilikuwa kimesukwa kwa vipande vya karatasi za solfa, nikaweza kusoma "d : m : s" kwenye kipande kimoja, na kwa nyuzinyuzi za felti nyekundu zilizong'olewa chini ya vibonyezo. Felti ni sufu iliyoshindiliwa, na katika piano ndiyo inayofunika nyundo, kuzima nyuzi na kuzuia mbao zisigongane. Panya huipenda kwa kujengea na nondo hutaga mayai humo. Vibonyezo kumi na vinne vilikuwa havirudi juu vikibonyezwa. Vingine vilizuiwa na kinyesi cha panya, na vingine vilivimba kwa unyevu pale kibao kinapopita kwenye pini yake ndogo ya mbele. Kazi hiyo ya kutoa kibonyezo kimoja kimoja, kusafisha, kubana felti kidogo kwa koleo na kurudisha, ilichukua mchana wote na jioni kwa taa ya simu.

Ndipo nikapima sauti. Uma wangu wa noti ya A, kile chuma kinachogongwa ili kitoe sauti ya kulinganishia, hutoa mitetemo 440 kwa sekunde, ambacho ndicho kipimo cha kimataifa, lakini A ya piano ile ililia kama G kali, yaani ilikuwa imeshuka nusu toni nzima. Hapa ndipo fundi mgeni huharibu. Ili kupandisha sauti ya uzi kwa nusu toni, mvuto wake lazima uongezwe kwa asilimia 12 hivi, na ukizidisha hilo kwa nyuzi zote unakuwa umeongeza tani 2 juu ya fremu na ubao wa sauti ulio nyuma ya nyuzi, ambao umezoea kupumzika kwa miaka. Zaidi ya hapo, unapokaza nyuzi za upande mmoja ubao wa sauti hubonyea kidogo, na zile ulizozikaza kwanza hushuka tena nyuma yako. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa raundi mbili au tatu za harakaharaka kabla ya raundi ya uangalifu, na hata hivyo piano huteremka tena ndani ya majuma machache na kuhitaji fundi arudi. Nilijaribu uzi mmoja wa katikati. Haukufika. Ulikatika kwa mlio kama wa fimbo kavu, na vumbi la kutu likaniangukia mkononi.

Nikaunganisha uzi uliokatika na kipande cha waya mpya kwa fundo la mafundi, lile ambalo vitanzi viwili hubanana zaidi kadiri uzi unavyovutwa, kisha nikakaa na katekista na mwenyekiti. Niliwaeleza kwamba nyuzi zao zimekula kutu ya hewa ya ziwani, kwamba nikizilazimisha zitakatika nyingi, na kwamba njia ya busara ni kuilinganisha piano na nafsi yake, nusu toni chini. Mwenyekiti aliuliza swali zuri: je, itapatana na kinanda chao cha umeme? Nikamwonesha kitufe cha kushusha ufunguo wa muziki. Kinanda cha umeme kikishushwa hatua moja hulingana kabisa na piano iliyoshuka nusu toni, na kwaya haijui tofauti. Walifurahi, nami nikaondoka bila hofu ya kuitwa tena kwa nyuzi ishirini zilizokatika. Siku sita kwa jumla, mbili na nusu zikiwa za kazi.

Katika karakana uamuzi ule ungekuwa tofauti. Piano ikiwa imekaa miezi mitatu ukutani kwangu, ningeweza kubadilisha nyuzi zote, kukaza kidogo kila juma, na kuiacha itulie kati ya raundi na raundi. Msafiri hana juma la pili. Kila analolifanya lazima liweze kusimama peke yake baada ya yeye kuondoka, na kwa sababu hiyo mkoba humfundisha mtu kukataa kazi kubwa zisizokamilika. Niliowaona wakishindwa katika njia hii walikuwa na masikio mazuri. Kilichowaangusha ni aibu ya kumwambia padri au mchungaji kwamba jambo fulani haliwezekani kwa siku mbili.

Kuna suala la majira, ambalo kwa mwenye mkoba ni kubwa kuliko nauli. Ubao wa sauti ni mbao nyembamba iliyobinuka kidogo. Hewa ikiwa na unyevu huvimba na kupandisha sauti, hasa katikati ya kibodi, na hewa ikikauka husinyaa na sauti hushuka. Tabora ni kavu sana kati ya Juni na Septemba, na mvua zikianza Novemba mbao hugeuka. Wateja nao wana kalenda yao: wanataka piano iwe tayari kwa Krismasi na kwa Pasaka. Krismasi huangukia wakati ubao bado unavimba, na Pasaka huangukia kwenye masika. Ukitengeneza mapema Novemba, kabla mvua hazijashika, itakuwa imepotoka kabla ya mkesha. Mimi hukataa kazi za Krismasi kabla ya juma la pili la Desemba, na huwaomba wenye piano wanaoniamini wachague Februari na Julai, majira yakiwa yameshatulia, hata kama hakuna sikukuu. Wachache hukubali. Mwenye karakana ya vinanda vya umeme halijui tatizo hili hata kidogo.

Mvua ina adhabu nyingine. Kutyuni ni kusikiliza mapigo, yaani ile hali ya sauti kupanda na kushuka pale noti mbili zinapokaribiana bila kulingana kabisa. Kati ya F iliyo chini ya C ya kati na A inayoifuata mapigo hayo huwa takriban 7 kwa sekunde, kwa sababu katika ulinganisho wa kisasa do na mi huachwa zikiwa pana kidogo kwa makusudi, huku do na sol zikibanwa kidogo mno, ili nyimbo za funguo zote ziweze kuimbika. Chini ya paa la bati mvua ikinyesha hakuna sikio litakalosikia mapigo 7. Programu ya simu nayo husikia mvua. Nimewahi kukaa nusu siku nikinywa chai huku spana ikiwa bado juu ya pini, kile kigingi cha chuma kinachokaza uzi.

Kwa kuwa nimeitaja simu, niseme kwamba anayesafiri asione haya kuitumia. Nyuzi za chuma ni ngumu, zile sauti ndogo za juu zinazolia ndani ya kila noti huzidi kidogo pale hesabu inapoziweka, na kwa sababu hiyo okteva, yaani umbali wa do hadi do ya juu yake, hunyooshwa kidogo kupita kipimo. Katika piano fupi unyooshaji huo ni mkubwa zaidi, na programu nzuri huukadiria kwa haraka. Inafaa hasa katika zile raundi za kupandisha sauti. Lakini nyuzi tatu za noti moja bado nazilinganisha kwa sikio, na spana bado huwekwa kwa mkono: pini husokotwa kidogo kabla ya kugeuka ndani ya ubao wake, na asiyeujua msokoto huo huiacha ikiwa imekaa vizuri kwenye kioo cha simu na kupotoka kabla ya chakula cha mchana.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwangu jembe huwa ni amplifaya. Ukilala misheni hadi siku ya tatu, taarifa imeshaenea kwamba yupo fundi, na vitu huanza kuja: kinanda cha shule ya jirani, gitaa lisilo na kigingi kimoja, kinanda cha kukanyaga ambacho mvukuto wake unavuja kama tairi. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye niligundua kwamba kazi hizi za siku ya tatu ndizo zinazolipia siku ya mwembe, na sasa mkoba wangu una kifaa kidogo cha kulehemu, gundi, kipande cha ngozi laini na kitambaa cha kubandika mivukuto, hata ninapokwenda kwa ajili ya piano moja tu.

Siku za karakana

Karakana ina maelezo mafupi zaidi kwa sababu kazi zake hufanana. Kati ya vinanda vya umeme vilivyonifikia, ubovu ulikuwa wa namna nne au tano tu: tundu la adapta lililolegea kwa kuvutwa, vibonyezo vilivyokufa kwa sababu mpira wenye kaboni ulio chini yake umechafuka au umechoka, saketi ya umeme iliyoungua umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika, utepe wa nyaya uliochomoka, na mende. Vibonyezo vilivyokufa husafishwa kwa spiriti na pamba kwa nusu siku. Tundu la adapta ni saa moja. Asubuhi moja ya karakana inaweza kuzaa kazi tatu zilizolipiwa, ilhali asubuhi hiyohiyo msafiri huenda bado yuko stesheni.

Hasara yake haionekani siku ya kwanza. Kwanza ni kodi ya pango, ambayo wenye nyumba wengi hutaka ilipwe kwa miezi sita au mwaka mzima kabla hujaleta hata meza, pamoja na leseni ya biashara. Pili ni spea: kinanda cha umeme hakirekebishwi kwa waya na gundi, na kipuri cha modeli fulani kikikosekana mjini hungojewa kutoka Dar es Salaam au huchunwa kutoka kwenye kinanda kingine kilichokufa, kwa hiyo karakana nzuri hujaa mizoga. Tatu, na hili ndilo lililonichosha, ni vyombo visivyochukuliwa. Kwaya huleta kinanda, hukubali bei, kisha mweka hazina husubiri harambee. Chombo kimeshapona na kinakaa rafuni miezi minne, fedha zako za spea zikiwa ndani yake. Nilibandika tangazo la siku tisini ukutani, lakini sijawahi kuwa na moyo wa kuuza kinanda cha kanisa, na wateja walilijua hilo kabla yangu.

Kwa upande mwingine, karakana humfanya mtu ajulikane mahali alipo. Msafiri akikosea, kosa lake liko kilomita 200 kutoka kwake na jina lake huchafuka bila yeye kusikia. Mwenye karakana akikosea, mteja hurudi asubuhi na kuweka kinanda juu ya meza bila salamu. Kwa fundi anayeanza naona hilo ni jambo jema, japokuwa haliko tamu.

Vinanda vya kukanyaga ndivyo ninavyovipendekeza zaidi kwa karakana. Ndimi zake za shaba hazipotezi sauti haraka kama nyuzi, mbao zake zinaweza kuungwa na seremala wa kawaida, na mninga wa Tabora hufaa kabisa kwa sanduku na miguu. Tahadhari tu ni kwamba seremala huyohuyo asiruhusiwe kugusa ubao wa sauti wa piano, ambao huhitaji mbao nyepesi ya jamii ya msonobari, wala kuziba pini zilizolegea kwa kipande cha mninga na gundi nyingi. Nimekuta hilo mara moja, na piano ile haikupona.

Tabora au Kigoma

Kwa mwenye mkoba, Tabora inashinda. Ni njia panda: reli ya Mwanza inaanzia hapo, reli ya Kigoma inapita hapo, na ile ya Mpanda inachepuka Kaliua, huku Nzega, Sikonge na Igunga zikifikika kwa barabara. Ukikosa safari ya upande mmoja, upo upande mwingine. Kigoma ni mwisho wa reli kama watu wasemavyo, na kila safari ya kwenda bara huanza kwa kurudia njia ileile. Hewa ya ziwani pia huharakisha kutu, kwa hiyo hata waya zako mpya zihifadhiwe kwenye kopo lililofungwa, zikiwa zimepakwa mafuta kidogo na kufutwa.

Kwa mwenye karakana mambo hugeuka. Kigoma ina mji, Ujiji iko jirani, na vijiji vya pwani ya ziwa huleta mizigo yao mjini siku za soko, hivyo kinanda kilichoharibika husafiri na dagaa bila gharama kubwa kwa mwenyewe. Mimi naishi Tabora na sina nia ya kuhama, lakini ningekuwa naanza na karakana tu ningeifikiria Kigoma kwanza.

Ningemshauri nani achague lipi

Mtu mwenye familia changa, asiyeweza kuwa mbali siku sita bila kujua atarudi na nini, aanze na vinanda vya umeme. Ajifunze kulehemu vizuri, aombe malipo ya spea kabla ya kufungua chombo, na asiahidi siku ambayo kipuri kinategemea basi la mtu mwingine. Kusafiri kutakuja baadaye, au hakutakuja, na hakuna ubaya.

Mwenye sikio lililozoea solfa, anayejua kukaa na watu wa kila dhehebu, na asiyesumbuliwa na kulala ugenini, achukue mkoba. Lakini asiende kwa piano moja. Hesabu yangu imenionesha kwamba safari yenye piano moja hula siku zake zote. Yenye piano mbili hulipa. Yenye piano mbili na kazi za siku ya tatu ndiyo inayoleta chochote nyumbani. Kwa hiyo mimi hukusanya wito kwa miezi miwili, hupanga vituo kwenye njia moja, kwa mfano Kaliua, Uvinza na Kigoma mjini, na humwambia kila mwenyeji siku ya kufika pamoja na sharti mbili: nauli itumwe kwa simu kabla sijapanda treni, na ufunguo uwe mkononi mwa mtu atakayekuwapo. Sharti la ufunguo limeniokolea siku nyingi kuliko la nauli.

Mkataba wa maandishi ni muhimu kwa msafiri kuliko kwa mwenye karakana, ingawa watu hudhani kinyume. Kabla ya kugusa pini yoyote nahesabu nyuzi zilizokatika tayari, naandika idadi, na mwenyeji anaweka sahihi. Uzi mwembamba ukikatika mkononi mwangu nabadilisha kwa waya niliyobeba. Uzi mnene wa besi, uliozungushiwa shaba, hautengenezwi njiani. Hulazimu kutumwa wa zamani kama sampuli ili mwingine usokotwe kwa kipimo chake, na muda huo ni wa mwenye piano kuungoja, jambo ambalo liwe limeandikwa mapema.

Mimi mwenyewe niliirudisha karakana kwa mmiliki wa chumba mwaka wa pili, nikaweka meza moja kwenye baraza ya nyumba yangu. Vinanda vya umeme huletwa hapo na watu wanaonijua, hupokelewa na mke wangu nikiwa safarini, na huandikwa kwenye daftari pamoja na namba ya simu ya mweka hazina badala ya ile ya mwalimu wa kwaya. Ninaporudi kutoka Kigoma huwa kuna vitatu au vinne juu ya meza, na hivyo ndivyo ninavyovimaliza katika zile siku za Oktoba na Novemba ambazo mbao za piano hazitaki kuguswa.